Shahada za Kompyuta na Sera za Udahili: Kijana wa Ngumi Anasimama Wapi?

Utangulizi

Ngumi ni mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kusini mwa Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Upande wa pili wa mpaka huo, katika visiwa vya Lamu, kuna Kizingitini, Faza na miji mingine ya Wabajuni. Wakazi wa pande zote mbili wanaelewana bila mkalimani, kwa kuwa Kibajuni, ambacho wataalamu wengine hukiita Kitikuu, ni lahaja moja ya Kiswahili cha kaskazini. Hadi mwaka 1925 pande zote mbili zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Waingereza. Mwaka huo Jubaland ilikabidhiwa Italia, na tangu hapo watoto wa jamaa moja wamesoma shule tofauti, kwa mitaala tofauti, wakapata vyeti tofauti.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi wakati wa kuomba nafasi chuo kikuu. Leo vijana wengi wa pwani wanataka kusomea kompyuta. Kijana mwenye asili ya Ngumi aliyesoma Kismayo, na binamu yake wa Kizingitini, wanaweza kuomba shahada ile ile katika chuo kile kile, lakini njia watakazopita hazifanani hata kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi shahada za kompyuta zinavyoratibiwa katika Afrika Mashariki, jinsi sera za udahili zinavyofanya kazi, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha na kusoma Kiswahili.

Istilahi tatu zinazochanganywa

Kabla ya kwenda mbali, hatuna budi kutenganisha maneno matatu ambayo aghalabu hutumika kana kwamba ni neno moja.

Upangaji ni kazi ya chombo cha taifa kumgawia mwombaji nafasi katika chuo fulani kutokana na alama zake. Nchini Kenya kazi hii inafanywa na KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili.

Udahili ni uamuzi wa chuo chenyewe kumkubali mwombaji baada ya kupima sifa zake. Neno hili limezoeleka zaidi Tanzania kuliko Kenya, na ni vyema walimu wa pande zote wakalitumia kwa maana hii moja.

Usajili ni kuandikishwa rasmi baada ya mwanafunzi kufika chuoni, kuonyesha vyeti halisi, kulipa ada au kuonyesha anayemlipia, na kuandikisha kozi za muhula.

Mtu anaweza kudahiliwa asisajiliwe. Barua ya udahili ina tarehe ya mwisho, na nafasi isiyothibitishwa hupewa mwingine. Kijana anayedhani kwamba barua imemaliza kazi anaweza kufika wiki tatu baadaye akakuta mlango umefungwa. Hili ni kosa la kuelewa neno, wala halihusiani na akili yake katika hisabati.

Neno la nne ni ithibati, yaani idhini ya tume ya vyuo vikuu kwamba chuo au programu fulani imekidhi viwango. Kenya tume hiyo ni CUE, Tanzania ni TCU, na Uganda ni NCHE. Chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu yake mpya ya kompyuta bado haijaipata. Mwombaji anapaswa kuuliza yote mawili.

Shahada ya kompyuta ni shahada ipi?

Watu husema “anasoma kompyuta” kama wanavyosema “anasoma dini”. Kumbe kuna shahada kadhaa ndani ya jina hilo. Mwongozo wa kimataifa wa mitaala uliotolewa mwaka 2005 na vyama vya kitaaluma vya ACM na IEEE ulizigawa katika matawi matano. Uhandisi wa kompyuta hushughulikia vifaa na saketi zake. Sayansi ya kompyuta hushughulikia nadharia, hesabu za utatuzi wa matatizo na uundaji wa programu. Mifumo ya habari huunganisha kompyuta na uendeshaji wa mashirika. Teknolojia ya habari huhusu kuweka, kuunganisha na kutunza mitambo na mitandao. Uhandisi wa programu huhusu namna ya kuunda programu kubwa kwa utaratibu unaoaminika. Mwongozo uliofuata, wa mwaka 2020, uliongeza nyanja mpya, zikiwamo usalama wa mitandao na sayansi ya data.

Tofauti hizi zina uzito katika udahili. Uhandisi na sayansi ya kompyuta huhitaji hisabati nzito, na vyuo vingi hutaka na fizikia. Mifumo ya habari na teknolojia ya habari katika vyuo kadhaa huwa na masharti mepesi kidogo. Mwanafunzi mwenye alama za wastani katika hisabati anayejaza fomu yake kwa sayansi ya kompyuta pekee huenda akakosa kila kitu, ilhali teknolojia ya habari ingemfaa na ingempokea.

Muda nao hutofautiana. Shahada ya sayansi ya kompyuta huchukua miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, lakini minne katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Sababu iko chini, shuleni. Tanzania na Uganda mwanafunzi husoma miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita kabla ya chuo. Katika mfumo wa Kenya wa 8-4-4 miaka hiyo haikuwapo, kwa hiyo mwaka mmoja ulihamishiwa chuoni. Somalia nayo ina miaka minane ya msingi na ya kati, kisha minne ya sekondari. Kwa hesabu ya miaka, cheti cha Kismayo kinakaribiana na cha Kenya kuliko cha Tanzania. Anayekipeleka Dar es Salaam anaweza kuambiwa kwamba kinalingana na kidato cha nne tu, na hivyo atahitaji stashahada au programu ya msingi kabla ya shahada. Ni vizuri alijue hilo kabla ya kupanda basi.

Uratibu wa kikanda

Uratibu si jambo geni katika eneo letu. Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na kila tawi lilikuwa na fani zake: utabibu Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwanafunzi alikwenda iliko fani yake. Chuo hicho kilipogawanyika, kila nchi ikajenga mfumo wake.

Kazi ya kuunganisha nyuzi hizo leo ni ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala. Mwaka 2015 Baraza lilitoa viwango vya pamoja vya shahada za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari, vinavyoeleza stadi anazotarajiwa kuwa nazo mhitimu, popote aliposomea. Mwaka huo huo ukapitishwa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama wakatangaza kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu.

Hata hivyo, namba bado hazijalingana. Shahada ya kwanza ni ngazi ya 7 katika mfumo wa taifa wa Kenya, ngazi ya 8 katika ule wa Tanzania, na ngazi ya 6 katika mfumo wa kikanda. Hakuna shahada iliyo juu ya nyingine hapo. Ni ngazi tatu zilizoanza kuhesabiwa kutoka vidato tofauti.

Kipimo kinachosaidia kulinganisha ni krediti. Kwa kawaida krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikihesabiwa za darasani, za maabara na za kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na ya miaka minne ni 480. Mwanafunzi wa Kismayo aliyekwisha kusoma miaka miwili ya kompyuta na anayetaka kuhamia Mombasa hataulizwa tu alisoma miaka mingapi. Ataulizwa kozi zake zilikuwa na krediti ngapi, zilifundisha nini, na alipata alama gani. Bila muhtasari wa kila kozi, miaka hiyo miwili inaweza kuhesabiwa kuwa bure.

Somalia ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Habari hii iliwapa vijana wengi matumaini, na ni matumaini ya haki. Lakini uanachama haukufuta hatua ya kulinganisha vyeti. Kila nchi bado inakipima cheti cha nje kwa vyombo vyake. Tanzania, kwa mfano, cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na cha shahada na TCU. Mwombaji apate barua ya ulinganifu kwanza, ndipo aombe chuo. Akianza na chuo, tarehe zitampita akiwa bado anangoja barua.

Kiswahili ndani ya hesabu ya kompyuta

Hapa ndipo idara kama yetu inapoingia. Tumtazame kwanza kijana wa Kizingitini aliyefanya KCSE. Kima cha chini cha kuingia shahada nchini Kenya ni gredi ya wastani ya C+. Juu ya hapo kuna ushindani, na ushindani hupimwa kwa alama ya kundi. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi, kwa ufupi, ni hii: chukua jumla ya pointi za masomo manne yanayohusika na shahada, ugawe kwa 48, chukua jumla ya pointi za masomo saba, ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. KUCCPS huongeza marekebisho yanayotokana na matokeo ya taifa katika kila somo, kwa hiyo alama halisi huweza kutofautiana na ya kanuni hii.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana pointi 40 katika masomo manne ya kundi la kompyuta, na pointi 64 katika masomo saba. Alama yake ya kundi ni 38.2. Sasa tuseme miongoni mwa masomo hayo saba Kiswahili kilimpa C, yaani pointi 6, na Kiswahili hakimo katika yale manne. Kama angepata A, yaani pointi 12, jumla yake ingekuwa 70, na alama ya kundi ingekuwa 40.0. Hisabati haikubadilika, fizikia haikubadilika. Kiswahili peke yake kimempandisha karibu alama mbili, na katika shahada zinazogombaniwa sehemu ya kumi tu ya alama hutosha kumwacha mtu nje. Tangu KCSE ya 2023 wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano bora. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kuingia kama lugha, au kama mojawapo ya hayo matano.

Mwanafunzi anayesema “mimi ni wa kompyuta, Kiswahili cha nini?” ajibiwe kwa hesabu hiyo.

Sasa tumtazame binamu yake wa asili ya Ngumi. Anasema Kiswahili tangu utotoni. Nahau na methali anazijua pengine kuliko yule wa Kizingitini. Lakini shule za Kismayo hufundisha kwa Kisomali, Kiarabu na Kiingereza, na cheti chake hakina somo la Kiswahili. Ujuzi ambao kwa mmoja ni pointi 12, kwa mwingine ni sifuri, kwa kuwa hakuna karatasi inayouthibitisha. Na kama kesho atabadili nia na kuomba ualimu wa Kiswahili, atakataliwa katika lugha ya mama yake. Vyuo vyetu hutahini Kiingereza cha wanafunzi wa nje karibu kila mwaka. Sioni kwa nini idara za Kiswahili zisitoe mtihani wa umilisi wa Kiswahili wenye cheti kinachotambulika, wazi kwa yeyote anayetoka nje ya mfumo wetu wa mitihani.

Herufi mbili zinazozuia safari

Kuna kikwazo kingine cha lugha ambacho ofisi nyingi za udahili hazikitambui. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972. Katika tahajia hiyo herufi c husimamia sauti ya ayn, na x husimamia h ya kooni. Kwa hiyo jina Omar huandikwa Cumar, Hassan huandikwa Xasan, na Mohamed huandikwa Maxamed. Hata Kismayo yenyewe huandikwa Kismaayo, na Wabajuni huitwa Baajuun.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Cumar Xasan na Omar Hassan ni watu wawili. Kwa kompyuta ya ofisi ya udahili ni hivyo hivyo, kwani mfumo hulinganisha herufi kwa herufi na haujui kwamba ni mtu mmoja. Nimewahi kuona faili la mwombaji likirudishwa kwa sababu cheti chake cha sekondari kilikuwa na tahajia ya Kisomali, na hati yake ya kusafiria ilikuwa na tahajia ya Kiingereza. Alikuwa na alama za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza herufi mbili.

Dawa yake ni hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakama inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, iambatishwe tangu siku ya kwanza. Na kwa wanafunzi wetu wa kompyuta wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, hii hapa: programu ndogo inayotambua majina ya Kiswahili, Kisomali na Kiarabu yaliyoandikwa kwa tahajia tofauti. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu wa kompyuta peke yake, wala na mtu wa isimu peke yake. Ushirikiano wa namna hiyo una historia: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi yake kubwa ilikuwa ni istilahi.

Mfumo mmoja au milango mingi?

Wasomaji wengine watauliza ni sera ipi bora, ile ya chombo kimoja kupanga wanafunzi wote, au ile ya kila chuo kudahili chenyewe. Tanzania imejaribu zote mbili. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi yalipitia mfumo wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 yakarudishwa vyuoni, na TCU ikabaki na kazi ya kutoa mwongozo, kupanga awamu na kuhakiki waliochaguliwa. Uganda chuo kama Makerere huyapa masomo uzito tofauti: ya lazima huzidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, na yanayofaa kwa 1.

Mfumo wa pamoja humpunguzia mwombaji gharama ya fomu nyingi, na huzuia mtu mmoja kushika nafasi tatu. Lakini umejengwa juu ya mtihani wa taifa, na asiyekuwa na mtihani huo hana pa kuingilia. Ndiyo maana mwombaji wa Ngumi, akifika Kenya, hana budi kuomba moja kwa moja chuoni kwa kujilipia au kwa ufadhili. Kama ni mkimbizi, kuna ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 1992. Kule Dadaab, kuanzia 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vya York na British Columbia vya Kanada kutoa masomo ya ngazi kwa ngazi, ambapo cheti cha chini kilihesabiwa katika stashahada, na stashahada katika shahada. Masomo ya mwanzo yalikuwa ya ualimu, lakini utaratibu wa kubeba krediti kutoka ngazi hadi ngazi unafaa kabisa kwa kompyuta.

La kufanya

Mwalimu wa Kiswahili si afisa wa udahili. Hata hivyo wanafunzi humwendea yeye kwa sababu anajua kusoma barua. Napendekeza mambo haya:

(i) Tufundishe istilahi za upangaji, udahili, usajili, ithibati na krediti katika kozi ya mawasiliano ya mwaka wa kwanza, kwa kutumia barua halisi zilizofutwa majina.

(ii) Tumhimize mwombaji wa nje apate barua ya ulinganifu, hati ya kiapo ya majina na muhtasari wa kozi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

(iii) Tumuulize ni shahada ipi ya kompyuta anayoitaka, na tumweke mbele ya masharti ya hisabati kabla hajajaza fomu.

(iv) Idara ianzishe mtihani wa umilisi wa Kiswahili na iombe chuo kiutambue.

(v) Mwongozo wa udahili usomwe upya kila mwaka. Mfumo wa 8-4-4 unamalizika, na KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanyika 2027. Masharti yaliyoelezwa hapa yatabadilika.

Hitimisho

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Shahada inayotambulika Mombasa, Zanzibar na Kismayo kwa pamoja haitaelea yenyewe. Viwango vya kompyuta vimekwisha kuandikwa, na mpaka wa Jumuiya umesogea hadi kaskazini ya Ngumi. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kijana aliyekulia katika Kiswahili hakwami mlangoni kwa kukosa karatasi ya lugha anayoijua, au kwa herufi mbili za jina lake. Sehemu hiyo ya kazi ni yetu.